Babu Yako Hakusema Ndiyo

Nduguti, Jumamosi alasiri

Mwanangu Rehema,

Mambo ya koti la baridi, vidonge na namba za kupiga ukishuka Frankfurt yako kwenye karatasi ya baba yako. Ameyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, kwa hiyo sitayarudia. Mimi nina jambo moja. Ulisome leo, kabla hujalala, kwa sababu kesho saa tatu ibada ya kukuaga inaanza na jina lako limo kwenye ratiba: ushuhuda, dakika kumi.

Karatasi ya ushuhuda huo umeiacha mezani ulipokwenda mazoezi ya kwaya. Umeandika hivi: "Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu maisha yake yote. Akiwa kitandani hospitali, mama yangu alimweleza habari za Yesu, naye akasema ndiyo. Ndiyo maana ninakwenda Ujerumani. Kama babu yangu alisema ndiyo saa ya mwisho, hakuna mtu asiyefikika."

Babu yako hakusema ndiyo. Nilikuwa naye chumbani, watu wawili tu, na najua alichofanya na ambacho hakufanya. Nimekuacha uamini vingine tangu ukiwa na miaka tisa.

Wiki hii nimejaribu mara tatu kukueleza kwa mdomo. Kila mara nilijikuta natafuta maneno ya kupunguza makali, halafu nakuuliza kama umeshapiga pasi nguo. Kwenye karatasi ninajiweza zaidi. Nimeandika habari za mafuriko, za wizi wa mifugo na za watoto waliotumbukia visimani, na zote nilizianza na tukio lenyewe. Hii nayo naiandika hivyo hivyo.

Unajua kwamba nilizaliwa Mwajabu binti Ramadhani, Kinyangiri, na kwamba nilibatizwa Esta nikiwa kidato cha tatu. Ambacho sijawahi kukusimulia ni siku babu yako alipokuja shuleni baada ya kupata habari. Alikuja na baiskeli, akaiegemeza kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, akaniita pembeni. Nilikuwa nimeshaona mwenzangu mmoja akiburutwa na baba yake kwa jambo hilo hilo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia umehama."

"Ndiyo, baba."

"Umehama au umehamishwa?"

"Nimehama mwenyewe."

"Likizo unakuja nyumbani?"

"Nakuja."

"Na shikamoo yangu utanipa?"

"Nitakupa."

"Basi." Akapanda baiskeli akaondoka. Kilomita zote zile, kwa maswali yale tu.

Nilipoolewa alikuja kanisani, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Ng'ombe wa sherehe alichinjwa na jirani yake wa msikitini, kama tunavyofanya huku, ili wote waliokuja wale. Babu yako ndiye aliyekuchagulia jina. Alisema Rehema ni jina ambalo hakuna atakayekuuliza umelitoa wapi.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemkosea.

Kabla sijaanza kazi ya habari nilikuwa kwenye timu ya vijana ya uinjilisti. Tulikwenda Mgori na spika mbili na jenereta. Siku ya mwisho kiongozi wetu aliuliza nani anataka baraka, mikono ikanyooka uwanja mzima. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa timu. Nilihesabu mikono, nikajaza idadi kwenye fomu mahali palipoandikwa "waliompokea Kristo", tukarudi tunaimba njia nzima.

Miaka michache baadaye nilirudi Mgori kama mwandishi, kufuatilia habari ya asali. Mfuga nyuki mmoja, mzee, aliniangalia sana kabla ya kujibu maswali yangu.

"Wewe si yule binti wa spika?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mlitaka nini siku ile? Maana mlituhesabu, mkaenda."

Nikamwambia tulikuwa tunawahesabu waliompokea Yesu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Binti, mliuliza nani anataka baraka. Nani hapa hataki baraka? Hata mbuzi wangu angekuwa na mkono angenyoosha."

Nilicheka naye. Nikaandika habari ya asali. Fomu ile sikuirudia, wala sikumweleza mtu kwamba ile idadi haikuwa idadi ya kitu chochote. Nakusimulia hili kwa sababu huko unakokwenda utatakiwa kutuma ripoti kila robo mwaka. Baba yako ameniambia fomu ina mahali pa kujaza idadi.

Sasa babu yako.

Mwaka mmoja kabla ya kuugua, nilikwenda Kinyangiri wakati wa mavuno ya alizeti. Nilikuwa nimeazimia kumweleza. Tangu nibatizwe nilikuwa nimemwombea kila siku, lakini sikuwahi kukaa mbele yake nikamwambia kwa nini nilihama. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

"Baba, nataka kukueleza habari za Yesu."

"Nimengoja sana," alisema. "Nilikuwa najiuliza, ni jambo gani zuri hivyo ambalo mwanangu anawaeleza watu wa Mgori na mimi hanielezi. Kaa."

Nilimweleza karibu saa nzima. Aliendelea kupiga alizeti, lakini polepole, ili anisikie. Mara mbili alinisimamisha kuuliza. Mara ya kwanza aliuliza kama Yesu alijua kuwa atauawa. Mara ya pili aliuliza kama mama yake alikuwepo. Nilimjibu. Nilipomaliza aliweka fimbo chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Nimekusikia. Umesema vizuri, na najua hunidanganyi. Lakini mimi sihami. Nitakufa nilivyo."

"Kwa hiyo unakataa?"

"Nakataa maneno. Wewe sikukatai. Nipe maji."

Hilo ndilo jibu lake, Rehema. Alilitoa akiwa na akili timamu, na sauti yake, na pumzi ya kutosha kubishana kama angetaka. Nilimpa maji. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda kwenye sinia moja, akanisukumia kipande cha kuku. Wiki iliyofuata, kwenye kikundi cha maombi, niliulizwa mzee anaendeleaje. Nikasema, "Yuko karibu sana." Watu wakashukuru. Hapo ndipo nilipoanza, siyo hospitali.

Kiharusi kilimpata shambani. Tulimlaza hospitali, upande wa kulia umekufa, sauti hakuna. Mjomba wako Hamisi na mimi tulipokezana kumuuguza. Macho yake yalikuwa yanatufuata, na ukimwuliza kitu aliitikia kwa kichwa. Hilo lilitupa moyo. Tukawa tunamwuliza: unataka maji? Anaitikia. Unasikia baridi? Anaitikia. Ukimwuliza unasikia joto, anaitikia pia.

Siku ya tatu asubuhi, muuguzi alikuja kumpima. Alimwinamia akamwuliza, "Mzee, leo ni Ijumaa?" Ilikuwa Jumanne. Akaitikia. "Mzee, una watoto ishirini?" Akaitikia. Muuguzi aliandika kwenye faili lake, akanigeukia na kusema kwa upole, "Anaitikia kila kitu, mama. Msitegemee sana jibu lake kwa sasa."

Mimi nilikuwa na daftari langu, kwa sababu siendi mahali bila daftari. Niliyaandika maneno ya muuguzi yule na saa aliyoyasema.

Jioni ile ile, Hamisi alitoka kwenda kuswali alasiri. Nilingoja atoke. Nataka ulijue hilo vizuri: haikutokea tu kwamba hakuwepo, nilingoja atoke. Nikasogeza kiti, nikamshika babu yako mkono, nikamwuliza, "Baba, unampokea Yesu?" Akaitikia kwa kichwa, sawasawa kama alivyoitikia kuwa ni Ijumaa.

Nikampigia simu mwinjilisti wa kanisa letu, ambaye alikuwa wodi ya jirani akiombea wagonjwa. Alikuja haraka. Aliniuliza swali moja tu: "Amekubali?" Nikasema, "Amekubali." Aliniamini, kwa nini asiniamini? Tulichukua maji kwenye kikombe cha chai. Ilichukua dakika mbili.

Hamisi aliporudi aliona paji la uso la baba yake limelowa.

"Mbona ana maji usoni, dada?"

"Nimempangusa. Alikuwa na joto."

Alhamisi alfajiri babu yako alifariki. Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikampa mchungaji taarifa, na kanisa likaandaa cheti cha ubatizo.

Wewe unayakumbuka mazishi kwa sababu ulivaa gauni jeupe ukaimba na watoto. Sasa nikueleze yaliyotangulia, ambayo uliwekwa mbali usiyaone. Watu wa msikitini Kinyangiri walikuwa wameshachimba kaburi siku ile ile, kwa desturi yao ya kutochelewesha. Walikuwa wamekuja na jeneza la msikiti na sanda. Kwaya ya kanisa nayo ikafika na lori, na msalaba umeshapakwa rangi. Watu walisimama pande mbili za ua. Kijana mmoja wa upande wetu alisema neno baya kuhusu kofia za wenzake, akapigwa kofi, na mtendaji wa kata akaita polisi. Mwili ulirudishwa mochwari. Ukalala huko usiku ule. Kwa Hamisi, kila saa iliyopita ilikuwa ni kumtesa baba yake.

Wazee wa ukoo wakakaa, Wakristo na Waislamu pamoja. Babu yako mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aliniita katikati.

"Mwajabu, wewe unaandika magazetini. Hatujawahi kusikia umeandika uongo. Alikubali?"

"Alikubali, baba mdogo."

Hamisi alisimama. "Mwulizeni alikubali vipi. Baba hakuwa na sauti. Mwulizeni alikubali kwa mdomo gani."

"Hamisi, kaa chini. Dada yako si mtoto."

Alikaa. Wazee walishindwa kwenda kinyume cha cheti na kinyume cha neno langu. Walinipa baba kwa sababu ya jina langu kazini, jina ambalo nililipata kwa kuthibitisha kila nilichokiandika juu ya watu wengine. Tulizika kwa msalaba, na kwaya ikaimba. Hamisi na wenzake walisimama kwenye zizi, kisha wakalibeba jeneza la msikiti wakaondoka nalo tupu. Nililiona likipita juu ya mabega yao, jepesi, wanaume wanne wanalibeba kama lina mtu.

Tangu siku ile mjomba wako hajaingia nyumba hii. Kwenye msiba au kwa simu ananiambia, "Shikamoo dada," namwitikia, "Marahaba," na hapo mazungumzo yameisha. Hajawahi kukosa kunisalimia. Ningependa angekosa hata mara moja.

Mwaka jana ulikwenda kula Idi kwao, na ukamwambia binti yake Zuhura kwamba babu yenu alikufa Mkristo. Zuhura akakujibu, "Mwulize mama yako." Ulirudi ukaniuliza ana maana gani. Nilikuwa nachambua mchele. Nikakuambia, "Waache, ni hasira za zamani." Nawe ukawaacha, na ukaanza kumwonea Zuhura huruma.

Halafu ukaandika barua ya maombi kwa kamati ya kanisa inayochagua wa kwenda Ujerumani, ukaniletea nikusahihishie. Sentensi ya babu ilikuwa aya ya pili. Nilisahihisha nukta na koma, nikaondoa "kwamba" moja iliyozidi, nikakurudishia. Kamati ikaisoma, watu wa Ujerumani wakaisoma, na Jumanne nikakusikia sebuleni unaifanyia mazoezi kwa sauti: "naye akasema ndiyo." Ukarudia, ukijaribu kusema polepole zaidi. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo mpaka ulipomaliza.

Alhamisi nilipanda bodaboda hadi Kinyangiri. Hamisi alikuwa anashona magunia ya alizeti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamisi, baba hakukubali. Aliitikia kwa kichwa, na muuguzi alikuwa ameshaniambia kuwa anaitikia kila kitu."

Hakuacha kushona. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Na maji usoni?"

"Yalikuwa ya ubatizo."

Alishona gunia lote kabla ya kusema tena. Nilisimama pale juani. Mkewe alichungulia mlangoni akarudi ndani.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi nilikuwa najua. Waambie wale uliowaambia."

"Nitawaambia Jumapili, ibada ya Rehema."

"Mbele ya mtoto wako?"

"Mbele yake."

"Nitakuja kusikia."

"Utaingia?"

"Nitasimama dirishani. Ukianza kuzungukazunguka, dada, nitaondoka, na hutaniona tena hata kwenye msiba wako."

Nilimwuliza kuhusu msalaba ulio kwenye kaburi, kama anataka tuuondoe. Alisema msalaba ni ubao, hauna kosa, hilo litazungumzwa na ukoo. Kwanza nikaseme.

Jana nilimwona mchungaji. Alisikiliza, kisha akasema, "Mama Rehema, mgeni yupo. Si tungengoja aondoke?" Nikamwambia, mtoto naye anaondoka. Akasema watu wa msikitini wataligeuza hili kuwa silaha. Nikamwambia silaha niliitengeneza mimi, wao wamekaa nayo miaka yote hii bila kuitumia. Amenipa dakika tano, kabla yako. Baba yako nilimwambia kila kitu juzi usiku. Aliuliza maswali mawili, halafu akasema, "Mweleze kabla hajapanda mimbarini." Hajasema neno jingine, na sijui anafikiri nini juu yangu.

Mgeni ni Bibi Anke, aliyekuja kukuchukua. Wiki iliyopita nilikaa naye uani kwa saa mbili na daftari langu, kwa sababu nilitaka kujua unapelekwa wapi. Alijibu kwa Kiswahili chake cha kunyooka. Alisema kanisani kwao Jumapili watu hawajazi hata safu mbili. Kwenye ghorofa anayokaa, jirani wa juu ni Mturuki anayefunga Ramadhani, wa chini haamini chochote, na wa pembeni anaamini mawe ya rangi. Nilimwuliza wakihubiriwa wanakasirika? Akacheka. "Hawakasiriki, mama. Wanasikiliza kama unawaeleza chakula cha kwenu. Kisha wanauliza kitu kimoja: umejuaje?"

Nililala na swali hilo. Nilikuona umesimama mbele ya vijana wa kule, unawasimulia ya babu yako, na mmoja anauliza, bila ubaya wowote, umejuaje. Nawe unajibu, mama yangu alikuwepo.

Sikuandikii haya ili unyamaze huko. Usinielewe vibaya. Mimi bado ni Mkristo, na kama babu yako angefufuka leo ningekaa tena mbele yake kwenye alizeti nimweleze yote kwa mara ya pili, kwa sababu naamini ni kweli na sikuwa na haki ya kumnyima. Saa ile uani ndiyo kazi pekee ya injili niliyoifanya sawasawa maishani. Nilimweleza mtu anayeweza kujibu, na akajibu. Kilichonishinda ni jibu lenyewe. Nililibeba mwaka mzima kama mtu aliyepewa barua isiyo yake, mpaka nikapata mtu asiyeweza kusema, nikamwuliza yeye.

Utakutana na vijana watakaokusikiliza kwa heshima, wakakuambia hapana, wakakumiminia chai. Nafsi yako itataka kuigeuza ile chai iwe ndiyo. Utakuwa mbali na nyumbani, baridi, hakuna anayejua jina lako kulitamka, na kwenye fomu kuna kisanduku kinangoja tarakimu. Naijua hamu hiyo ilivyo. Si hamu mbaya. Mimi sikumbatiza baba yangu kwa chuki, nilimbatiza kwa sababu sikuweza kuvumilia kwenda kulala bila kujua. Nilimpenda, na nikamnyang'anya neno lake la mwisho kwa sababu nilimpenda. Sijui kukueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa ndani ya mtu mmoja. Najua tu kwamba yalikaa ndani yangu, na kwamba nilikuwa nalala vizuri.

Babu yako aliniuliza shuleni kama nimehama au nimehamishwa. Mimi kitandani kwake sikumwuliza swali hilo.

Kwa hiyo kesho ushuhuda wako umebaki bila katikati. Sitakuandikia mwingine, na sitakushauri useme nini. Ukitaka kusema kwamba ulikuwa na babu aliyesikiliza mpaka mwisho, akakataa, akaendelea kumpenda binti yake, hilo ni kweli lote na unaweza kulisema popote. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Ukiona huwezi kuingia kanisani na mimi nimesimama mbele, kaa nje na mjomba wako. Yeye ana haki ya kukusimulia upande wake, na usimkatize.

Kamati ilikuchagua wakiwa na sentensi ile mkononi. Inawezekana wakaona hawawezi kukutuma. Bibi Anke anaweza kurudi peke yake. Nimeshaandika barua kwao, ukurasa mmoja, kwamba sentensi ilikuwa yangu na wewe hukujua, nimesaini. Nitaitoa mkononi mwake kesho baada ya kusema, si kabla, ili wewe ujue kabla yao. Kama wakikuacha, utanichukia kwa muda, na sitakuomba usinichukie.

Usije kuniomba nisiseme. Nimeshamwahidi Hamisi, na zaidi ya hapo, nikinyamaza kesho nitanyamaza mpaka nife.

Naisikia kwaya inamalizia. Mtatawanyika sasa hivi. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako, na mimi nakwenda jikoni kuwasha moto. Ukiisha kusoma, njoo. Uliza lolote, hata lile ambalo mtoto hamwulizi mama yake, nami nitajibu ninalolijua. Na ukiniuliza babu yako yuko wapi leo, mikononi mwa nani, nitakujibu kile nilichopaswa kuwajibu wazee siku ile waliponisimamisha katikati: sijui.

Mama yako,
Esta Mwajabu